Mjadala: Kwa nini wengi Lamu walikataa kuamini korona?

Mkomani: Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa Ijumaa ile ya Machi 2020, na mtaani hapaonekani mgonjwa. Virusi hukaa mwilini hata siku 14 kabla ya dalili, na wengine hawaoni dalili kabisa. Moyo hupima hatari kwa jicho. Halafu aliyekwisha kusema barazani kuwa ni uongo, atarudi vipi pale pale akiri kwamba alikosea?

Bint Shela: Ni elimu tu. Wavuvi wa Faza na Kizingitini waamini kila sauti inayotumwa WhatsApp.

Nahodha: Dada, hapo umetutukana. Wasomi wangapi walikataa chanjo? Chupa ya chanjo ya AstraZeneca ilikuwa na dozi 10, ikishafunguliwa ilidumu muda wa saa 6 basi. Wakija watu 4 kisiwani, mhudumu akichelea kumwaga dozi 6, aliwaambia warudi kesho. Mwenye shaka ukishamrudisha, humpati tena. Hilo nalo ni elimu ya mvuvi?

Mwosha Maiti: Chanjo ilikuja 2021, imani ilikwisha vunjika zamani. Picha za yale mazishi ya usiku ya mgonjwa wa korona kule Siaya, Aprili 2020, zilisambaa: maiti mfukoni, watu wamevaa meupe, shimo, wameondoka. Mwislamu akiona hivyo husema hawa wana jambo wanalificha.

Bint Shela: Ustadh, maiti ya korona ungeioshaje? Si ndiyo maana tayamamu, kutwaharisha kwa udongo badala ya maji, ipo?

Mwosha Maiti: Tayamamu ni ya dharura, mwanangu, na dharura haikuwapo. WHO walishaandika tarehe 24 Machi 2020 kwamba mfuko si lazima, na jamaa waweza kumtazama maiti wao bila kumgusa wala kumbusu. Waoshaji wavae glavu, barakoa, kinga ya macho na vazi lisilopenya maji. Wawe wachache. Maji yamiminwe polepole yasiruke. Tumbo lisikandwe kwa nguvu, maana hewa iliyobaki mapafuni hutoka. Wakimaliza wavue, wanawe kwa sabuni.

Mkomani: Jamani, niliuliza habari ya kuamini.

Mwosha Maiti: Nami najibu hiyo hiyo. Usiponionyesha maiti wangu, nitaamini nini?

Bint Shela: La maiti nakubali. Lakini wavuvi sikuwatukana.

Nahodha: Uliandika "kila sauti", dada. Lifute kwanza.