Mjadala: Filamu za upelelezi zinazosimuliwa kwa skrini pekee, ni sinema au ni njia ya mkato?

Hoja iliyo mezani ni kama filamu za upelelezi ambazo kutoka mwanzo hadi mwisho hazituonyeshi kitu kingine ila skrini ya kompyuta na kioo cha simu zinastahili kuitwa sinema, au ni ujanja tu wa watayarishaji wasiotaka kutoa pesa. Nasimama upande wa wanaozitetea. Hata hivyo, naona kwamba wengi wanaozipinga wanazishambulia pale zilipo imara na kupapita pale penye kasoro yake kubwa. Ufundi wake ni wa kweli na unatetewa bila shida. Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila filamu ya aina hii humtuza yule anayeingia kwenye siri za mwenzake bila idhini, nasi watazamaji tumelipokea jambo hilo bila kuulizana.

Nianze na bajeti, kwa kuwa ndiyo hoja inayorudiwa zaidi. Ni kweli kwamba pesa zinazotumika ni kidogo. Unfriended ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Levan Gabriadze na kutayarishwa na Timur Bekmambetov, iligharimu takriban dola milioni 1 na kuingiza zaidi ya dola milioni 60 duniani. Searching ya mwaka 2018, ya mwongozaji Aneesh Chaganty, ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 1 na mapato yake yakapita dola milioni 70. Mtu akizitazama hesabu hizo peke yake, ana haki ya kushuku. Lakini hesabu hizo hazituambii kazi ilihamia wapi. Waigizaji wa Searching walimaliza kupigwa picha kwa siku 13 tu, ilhali uhariri ulichukua zaidi ya mwaka mzima. Kabla upigaji picha haujaanza, wahariri Nick Johnson na Will Merrick walikuwa wamekwisha kuijenga filamu yote kwa picha za muda, huku mwongozaji mwenyewe akijaza nafasi za wahusika wote, ili John Cho, aliyeigiza baba anayemtafuta bintiye aliyepotea, ajue jicho lake lielekee pembe ipi ya kompyuta ambayo wakati huo haikuwa na kitu. Madirisha, vitufe na ujumbe tunaouona havikunakiliwa kutoka kwenye kompyuta ya mtu. Vilichorwa upya, kimoja kimoja, na kila kishale kikapangiwa mwendo wake. Kuiita kazi hiyo uvivu ni kuwaonea waliokesha nayo.

Tuangalie basi kazi hiyo inazaa nini. Katika sinema tuliyoizoea, mwigizaji anayetaka kutuonyesha jambo analolificha moyoni ana uso wake na sauti yake. Filamu ya skrini ina kitu cha ziada, nacho ni maneno yaliyoandikwa kisha yakafutwa. Mapema katika Searching, David Kim, baba aliyefiwa na mkewe, anamwandikia bintiye Margot ujumbe. Anachapa kwamba mama yake naye angejivunia. Anasita, kile kistari cha kuandikia kikiwakawaka mwishoni mwa sentensi, halafu anayafuta maneno hayo bila kuyatuma. Binti hatajua kwamba yaliwahi kuandikwa, ila sisi tumeyasoma. Ni sekunde chache tu, lakini tumekwisha kuelewa kwamba katika nyumba hiyo kuna msiba ambao baba na mwana hawajawahi kuuzungumza, na kwamba ukimya huo ndio utakaomfanya baba agundue, mtoto akishapotea, kuwa hamjui.

Kabla ya hapo kuna dakika za mwanzo ambazo kwangu ndizo bora kuliko zote nilizoziona katika aina hii ya filamu. Tunaletewa kompyuta ya familia yenye Windows XP, pamoja na kile kilima cha kijani na anga la buluu ambalo kila aliyewahi kulipia nusu saa kwenye intaneti kafe miaka hiyo analikumbuka. Mama anaugua saratani. Kwenye kalenda imewekwa siku ambayo mama atarudi nyumbani. Siku hiyo inasogezwa mbele, kisha inafutwa. Hakuna daktari anayezungumza, hakuna mtu anayeanguka chini akilia, na bado hakuna mtazamaji asiyejua kilichotokea. Wanaodai kwamba filamu hizi zitachakaa haraka kwa sababu programu hubadilika kila mwaka waitazame sehemu hiyo tena: sura ya programu ya zamani ndiyo inayotuambia ni mwaka gani bila mtu kutuandikia tarehe.

Hoja ya uhalisia ni nzito zaidi. Kwa nini mtu anayekimbia hatari aendelee kuacha kamera wazi? Kwa nini azungumze kwa video jambo ambalo mtu wa kawaida angeliandika kwa maneno mawili? Filamu nyingi za aina hii huanguka hapo, na sioni sababu ya kuzitetea. Wapo pia wanaolalamika kwamba Searching haishiki sheria yake yenyewe, kwa kuwa huvuta picha karibu, hukatakata, hutia muziki na kuazima taarifa za habari za televisheni, wakati Unfriended hubaki karibu muda wote kwenye kompyuta ya msichana mmoja, dakika kwa dakika. Hapo natofautiana nao. Mtu mwenye wasiwasi hasomi skrini nzima. Jicho lake hukimbilia jina moja, saa ya simu ambayo haikupokelewa, picha moja kati ya mia, na kuvuta picha karibu ni kulifuata jicho hilo.

Kuna hoja nyingine inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Filamu ya skrini humtaka mtazamaji awe msomaji, tena msomaji wa haraka, na mara nyingi wa Kiingereza. Watazamaji wengi wa kwetu walizijua filamu za nje kupitia sauti ya mfasiri: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Uganda. Katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani, mfasiri hufuata mdomo wa mhusika, na mhusika akinyamaza, yeye hupata nafasi ya kueleza, kuonya na kutia chumvi. Sasa afanyeje pale ambapo mhusika amenyamaza kwa muda mrefu na habari yote imo kwenye barua pepe iliyofunguliwa kwa sekunde nne, huku juu yake kukiwa na arifa mpya na pembeni kukiwa na mazungumzo mengine yanayoendelea? Kuweka tafsiri chini ya picha hakutoshi, maana macho hayawezi kusoma maandishi ya juu na ya chini kwa pamoja. Dawa ni kuyachapa upya maandishi ya kwenye skrini kwa lugha ya watazamaji, jambo linalowezekana hasa kwa sababu kila dirisha limechorwa. Kwa Kiswahili sijaliona likifanyika. Hadi lifanyike, anayesema filamu hizi zimemfungia nje mtazamaji wa kawaida anasema kweli, na sisi tunaozipenda tusimjibu kwa dharau.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa. Margot anapopotea, baba yake anaichukua kompyuta mpakato aliyoiacha nyumbani. Haijui nywila yake. Anabofya sehemu ya waliosahau nywila, mfumo unamwelekeza kwenye akaunti nyingine, naye anaifuata njia hiyo mpaka anaingia. Anawapigia simu watu waliomo kwenye orodha ya marafiki, anakuta hakuna aliye karibu naye, anagundua kwamba mtoto aliacha masomo ya piano miezi mingi iliyopita huku akiendelea kupokea ada. Katika Missing ya mwaka 2023, iliyoongozwa na wahariri wale wale wawili, mambo yamegeuzwa: binti June, aliyeigizwa na Storm Reid, yuko Los Angeles, mama yake amekwenda na mpenzi wake Cartagena, Colombia, na hawarudi. June naye anaanza kubahatisha nywila ya mpenzi wa mama. Mara zote mbili tunasimama upande wa anayeingia. Nywila inapokubali, ukumbi mzima hushusha pumzi.

Umbo lenyewe ndilo linalotufanyia hivyo. Kwa kuwa hatuna pengine pa kutazama isipokuwa skrini ya mtafutaji, kila mlango anaoufungua tunakuwa tumeufungua pamoja naye, na yule anayechunguzwa hana skrini yake ya kujieleza. Sinema ya kawaida ingeweza kutuhamishia chumbani kwa Margot, tukaona kwa nini alificha. Hapa tunampata kwa mabaki: picha, ujumbe, malipo, video alizojirekodi. Nakiri kwamba Searching inaijua hatari ya kuamini mabaki. Kuna mwanafunzi mwenzake Margot ambaye awali hakujidai kuwa karibu naye, kisha, habari zikishaenea, anajirekodi akimlilia kama rafiki wa kufa na kuzikana, na watu wasiomjua baba wanaanza kumshuku baba mwenyewe. Filamu inaukemea vikali uongo wa watu wa nje. Haki ya baba kufungua kila kitu, haiiulizi hata mara moja.

Jibu nitakalopewa nalijua: mtoto amepotea, mzazi gani angengoja kibali? Ni jibu zito, na Missing inalipa nguvu, kwa sababu FBI hawana mamlaka Colombia na picha za kamera za hoteli hazihifadhiwi kwa muda mrefu, kwa hiyo anayengoja taratibu anaweza kukuta ushahidi umekwisha kufutwa. Mimi pia, mtoto wangu akipotea, nitaifungua kompyuta yake. Lakini angalieni ni nani mwingine hulitumia jibu hilo. Mume anayeichukua simu ya mkewe akiwa amelala hujiona mpelelezi mwenye sababu. Mwajiri anayesoma ujumbe wa mfanyakazi hujiona hivyo hivyo. Kila mmoja wao anaamini kwamba ndani mna siri itakayomhalalisha, na filamu hizi humwambia kwamba ipo, kwa kuwa hakuna mtafutaji katika filamu hizi anayefungua akaunti ya mwenzake akakuta maisha ya kawaida tu, akaona aibu. Sheria zetu zimekwisha kuchora mpaka: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Mazungumzo ya majumbani bado yako nyuma ya sheria hizo.

Filamu iliyokaribia kulikabili jambo hili kwa ujasiri ni C U Soon ya Mahesh Narayanan, ya lugha ya Kimalayalam, iliyotengenezwa India wakati wa vizuizi vya korona mwaka 2020. Familia ya kijana anayetaka kuoa inamwomba ndugu yao, mtaalamu wa usalama wa mitandao, amchunguze mchumba aliyeko Falme za Kiarabu. Hakuna aliyepotea wakati huo wala hakuna dharura. Anaingia kwenye akaunti za binti wa watu kwa sababu tu anao uwezo. Baadaye binti anapotoweka, ustadi ule ule unafichua kwamba yeye ni mhanga wa biashara ya kuuza watu, na yule aliyemchungulia kama bidhaa inayokaguliwa analazimika kumwona kama mtu. Wasomaji wenye dada au binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani Oman, Saudia au Dubai, kisha simu ikanyamaza, hawahitaji kuelezwa uzito wa kisa hicho.

Mfano wa upande wa pili ni War of the Worlds ya mwaka 2025, ambayo Bekmambetov, yule wa Unfriended, naye ni mtayarishaji wake. Si ya upelelezi kwa maana kamili, lakini mhusika wake mkuu, aliyeigizwa na Ice Cube, ni ofisa wa serikali ya Marekani ambaye kazi yake ni kufuatilia watu, na anawafuatilia hata wanawe. Ilitolewa na huduma ya filamu ya Amazon, na ndani yake ndege isiyo na rubani ya Amazon inashiriki kuiokoa dunia. Wachambuzi waliiponda, nami naungana nao. Kila skrini ina kampuni inayoimiliki, na mwandishi asipokuwa macho, filamu nzima hugeuka tangazo.

Kwa hiyo nawaalika wa pande zote mbili. Anayeshikilia kwamba hii si sinema, atueleze kile kitendo cha kuandika na kufuta kingeonyeshwaje vizuri zaidi kwa kamera ya kawaida. Anayezitetea kama mimi, anitajie filamu moja ya aina hii ambamo mtafutaji alifika kwenye nywila ya mwenzake, akaiacha, akatafuta njia nyingine, na taharuki haikupungua. Mimi sijaiona, lakini naamini inaandikika, na mwandishi wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuiandika, kwa kuwa kwetu mtu akipotea bado tunaanza kwa kupigiana simu: shangazi, mwenye nyumba, mjumbe wa mtaa, dereva wa bodaboda wa kituoni, kundi la ukoo lenye ujumbe wa sauti mia mbili usiku mmoja. Anayeona kwamba hapo hapana filamu, aanzie hapo kunipinga.