Naombeni ushauri kuhusu hivi vyeti vya umeme wa kijani

Wakuu habari zenu, kampuni inayoniuzia umeme imeniletea ofa nihamie mpango wa umeme wa kijani, naongeza hela kidogo kwa kila uniti wao wanasema umeme wangu wote utatoka kwenye jua na upepo. Sasa mimi najiuliza, waya si ni ule ule? Nimewauliza wakaniambia wananunua vyeti, cheti kimoja ni uthibitisho wa megawati-saa 1 yaani uniti 1,000 za umeme wa kijani zilizozalishwa na kuingizwa kwenye gridi, wakikitumia kwa niaba yangu kinafutwa ili asiuziwe mtu mwingine tena. Hapo nimeelewa. Kinachonisumbua ni kwamba kumbe cheti kinaweza kuuzwa peke yake bila umeme wenyewe, na kinaweza kutoka kwenye bwawa la miaka mingi ambalo lingezalisha tu hata nisipolipa senti, sasa hapo hela yangu imejenga nini jamani?

Mliowahi kujiunga, mliwabana kwa maswali gani? Mimi nawaza niombe mwaka mtambo ulipojengwa na ushahidi wa kufutwa kwa cheti, au hiyo hela bora niiweke kwenye sola ya paani kwangu?