Mrejesho: skrini ya pili ya kugusa imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini skrini yangu ya kubebeka, niliyoiunganisha na laptopu, inaonyesha picha vizuri lakini haisikii kidole. Aliyeniambia niangalie waya, ubarikiwe sana.

Nilikuwa nimeunganisha HDMI, waya wa picha na sauti, peke yake, nayo haibebi mguso. Mguso unapita kwenye USB. Nikajaribu waya wa USB-C wa kuchajia simu, ukaleta umeme tu bila picha, kwa hiyo msidanganyike na umbo la kichwa chake. Nikarudisha HDMI, nikaongeza waya wa USB wenye kupitisha data. Kidole kikashika!

Ila nikawa nikigusa skrini hiyo ya pili, mshale unaruka kwenye laptopu. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Dawa yake kwenye Windows: fungua Control Panel, ingia Tablet PC Settings, bonyeza Setup. Skrini inageuka nyeupe na kukuomba uiguse. Maandishi yakitokea kwenye laptopu usiguse, bonyeza Enter yahamie skrini ya pili, ndipo uguse hapo.

Tangu jana natia saini hati kwa kidole bila shida. Asanteni mno.