Muhogo uliobadilishwa jeni: Pwani tuupokee kwa masharti gani?

Mleta mada, Kisauni:

Kwa zaidi ya miaka kumi mjadala wa vyakula vilivyobadilishwa jeni umezunguka mahindi. Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku vyakula hivyo kuingizwa nchini mnamo Novemba 2012, likaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani, na muda wote huo sisi wa Mombasa tumekuwa tukiulizana ni meli gani imetia nanga Kilindini na imebeba nini. Ninaomba leo tuyaache mahindi, tuzungumzie zao lisilopitia bandarini, linalotoka mashamba ya Kilifi na Kwale hadi soko la Kongowea, nalo ni muhogo.

Juni 2021 mamlaka ya kitaifa inayosimamia usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni iliidhinisha muhogo wa aina hiyo upandwe nje ya viwanja vya majaribio vilivyofungwa. Ulitengenezwa na watafiti wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, pamoja na wenzao wa Uganda na wa Donald Danforth Plant Science Center ya Marekani, ili ustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu si mgeni kwetu, kwani ulielezwa na watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, tangu miaka ya 1930. Huenezwa na nzi weupe, lakini huenezwa zaidi na mikono yetu wenyewe, kwa kuwa muhogo haupandwi kwa punje bali kwa vipande vya shina, na anayempa jirani yake vipando vyenye virusi humpa na maradhi yaliyomo.

Mbinu iliyotumika inastahili kuelezwa, maana wengi wanaipinga au kuitetea bila kuijua. Watafiti walichukua sehemu ndogo ya jeni za virusi wenyewe, za aina zote mbili zinazoleta ugonjwa huu, wakazitia ndani ya mmea kwa mpangilio unaoufanya mmea uukatekate ujumbe wowote wa kijeni unaofanana nazo. Virusi vikiingia, vinakosa nafasi ya kuzaana. Muhogo huo hautengenezi protini ya kuua viwavi kama ifanyavyo pamba ya Bt, ambayo Kenya iliiruhusu ilimwe kibiashara mwishoni mwa 2019, kwa hiyo hofu ya pamba haiwezi kuhamishwa hapa kama ilivyo.

Msimamo wangu ni kwamba mbinu hii ikubaliwe, lakini isiletwe Pwani ikiwa ndani ya aina moja tu ya muhogo. Jeni hizo zilitiwa katika aina iitwayo TME 204, yenye asili ya Afrika Magharibi, na yaliyoipata Uganda yanatosha kututia hadhari. Katika miaka ya 1990 batobato kali, ugonjwa mwingine wa virusi unaoharibu majani ya muhogo, iliteketeza mihogo ya nchi hiyo, ikiwamo Ebwanateraka iliyokuwa imetawala mashamba ya mashariki. Wakulima wakapewa aina zinazostahimili batobato, TME 204 ikiwa mojawapo, nazo zikaenea upesi kwa sababu njaa haikuwapa watu nafasi ya kuchagua. Kufikia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilikuwa imezuka katika sehemu za Uganda ambako haikuzoeleka, na mihogo ileile iliyowaokoa watu na maradhi ya kwanza ikashindwa na ya pili. Sasa mmea huohuo umeongezewa kinga ya pili. Je, tuusubiri ugonjwa wa tatu tukiwa hatuna kingine shambani, au tudai kwanza kinga hiyo iingizwe katika aina zetu, kama Kibandameno?

Mchangiaji, Kongowea:

Kaka, nimekusoma hadi mwisho, nami naomba niseme kama mchuuzi. Ninakaanga mihogo na kutengeneza krisps, na riziki yangu yote inategemea kile kinachoonekana gunia likishafunguliwa. Muhogo unaweza kuwa mnene, ganda lake safi, ukaumenya ukawa mweupe, kisha ukiupasua katikati unakutana na madoa ya kahawia, makavu na magumu, yaliyotambaa ndani ya nyama. Ukiyachonga unabaki na vipande visivyofaa hata kwa krisps, na ukivikaanga hivyohivyo mteja anahisi uchungu kabla ya kufika kwenye pilipili na ndimu. Mwenye shamba naye hana makosa, kwa kuwa juu ya ardhi mmea wake ulikuwa umesimama vizuri.

Hayo ya kusubiri jeni zihamishiwe Kibandameno yatachukua miaka mingapi, na hasara ya miaka hiyo ataibeba nani? Ni kweli wateja wangu wanakitaka Kibandameno kwa utamu wake, lakini Kibandameno ndicho kinachoniozea zaidi.

Mchangiaji, Tudor (mwalimu wa bayolojia):

Assalamu alaikum. Mleta mada amejenga hoja vizuri, ila neno lake la kuhamisha jeni limeruka kikwazo kikubwa. Jeni zikihamishwa kwa kuzalisha, yaani kwa kuchavusha TME 204 na Kibandameno, atakayezaliwa si Kibandameno. Miche inayotokana na mbegu za muhogo hutofautiana sana na wazazi wake na hata yenyewe kwa yenyewe, na ndiyo sababu tangu zamani wakulima huupanda kwa shina ili wapate kilekile walichokula mwaka jana. Utamu unaotajwa na Bi wa Kongowea unaweza kupotea katika kizazi cha kwanza tu. Njia ya kubaki na Kibandameno chenyewe ni kukitia jeni moja kwa moja maabarani, jambo linalowezekana kitaalamu lakini lenye gharama, na kila aina itakayotiwa jeni hivyo italazimika kupimwa upya na kuombewa idhini yake. Hapa basi maabara inaweza kuihifadhi aina ya kienyeji kuliko uzalishaji wa kawaida, na wapenzi wa bayoanuwai wanaoichukia maabara kwa jumla wanapaswa kulitafakari hilo.

La pili, tusizungumze kana kwamba kinga dhidi ya ugonjwa huu imeanza 2021. Tunayo Kaleso hapa Pwani, ambayo uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa ni mamoja na Namikonga ya Tanzania. Inastahimili michirizi ya kahawia kwa kiasi kikubwa, na ustahimilivu wake unatokana na kazi ya uzalishaji iliyofanywa Amani miaka ya 1930 hadi 1950, ambapo muhogo ulichanganywa na jamaa yake, mpira wa Ceara, mti ulioletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya utomvu. Biashara ya utomvu ilikufa, mti ukabaki, na bila ya mti huo uliopuuzwa tusingekuwa na Kaleso. Kwa anayeuliza bayoanuwai ina faida gani kwa bayoteknolojia, huo ni mfano wa karibu kuliko yote ninayoijua.

Mchangiaji, Likoni:

Ninapinga, na sababu yangu si afya. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini, Mei 2000, Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu viumbe vilivyobadilishwa jeni, inayoipa nchi haki ya kuchukua tahadhari hata pale ambapo sayansi haijakamilika, kisha tukapitisha Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009 inayodai umma uulizwe. Nani aliulizwa Msambweni au Ganze? Tuna kumbukumbu za Ziwa Bogoria pia: vijidudu vya chemchemi zake za moto vilichukuliwa, vimeng'enya vyake vikaingia katika viwanda vya ng'ambo, na miaka ikapita ndipo nchi yetu ikaanza kudai fungu lake. Pamba ya Bt nayo imeletwa kama chotara, kwa hiyo mkulima hana budi kununua mbegu kila msimu. Watakuja na muhogo wa bure leo, kesho je?

Mchangiaji, Tudor:

Ndugu yangu wa Likoni, muhogo hauna uchotara wa namna hiyo. Ukishapata shina moja unakata vipando mwenyewe, na waliotengeneza muhogo huu wametangaza kuwa mkulima hatatozwa malipo ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Hoja yako ya kuulizwa kwa umma, hata hivyo, sina la kuipinga.

Mleta mada:

Nimemsoma mwalimu mara mbili. Kama uzalishaji wa kawaida utatupa mtoto wa Kibandameno badala ya Kibandameno, basi sharti langu linakuwa zito zaidi: tudai kazi ya maabara ifanywe juu ya aina zetu wenyewe, gharama yake ikiingizwa katika bajeti ya utafiti, si kuachiwa wafadhili wachague aina iliyo rahisi kwao. Ndugu wa Likoni anahofia vipando kumilikiwa. Mimi ninahofia zaidi wepesi wa kuvigawa, kwa sababu kitu kinachogawika bure na kinachostahimili maradhi kitafagia vingine vyote katika misimu michache bila ya sheria yoyote kulazimisha.

Kwa Bi wa Kongowea, lipo jambo lisilohitaji kusubiri mahakama wala maabara ya Marekani. Ukuzaji wa tishu, yaani kuotesha mche kutoka ncha ndogo ya chipukizi ndani ya chupa hadi upatikane usio na virusi, ni bayoteknolojia pia, haubadilishi jeni yoyote, na sijamsikia anayeupinga. Kibandameno kilichosafishwa kwa njia hiyo hakina kinga na kitaambukizwa tena nzi wakija, kwa hiyo vipando lazima visafishwe upya kila baada ya muda, lakini magunia safi yataongezeka wakati sisi tunaendelea kubishana. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayohifadhi aina nyingine zisizo na jina kubwa, maana huwezi kusafisha usichokuwa nacho.

Kwa hiyo ninawaomba wenye mashamba Kaloleni, Ganze, Msambweni na Lungalunga waandike hapa chini aina za muhogo walizo nazo sasa, na zile walizozijua kwa wazee wao ambazo hawazioni tena. Ikifika siku ya kuitwa kutoa maoni, tuingie tukiwa na orodha mkononi.