Trauti na besi wa mtoni: kurudisha wote, kubeba, au kuchagua? (Ulinganisho)

ChangaraweSafi (mwanzisha mada)

Wakuu, mjadala huu wa kumrudisha samaki majini au kumbeba nyumbani kila ukiibuka huishia kwenye kejeli kwa sababu tunawachanganya samaki wawili wasiofanana hata kidogo. Mto mmoja unaweza kuwa na trauti (trout) kule juu kwenye maji baridi, na besi mdomo mdogo (smallmouth bass, hapa tumwite besi tu) kule chini maji yanapopata joto. Sheria ya mto husika ndiyo ya kwanza, haina mjadala. Hapa tuongelee pale ambapo sheria inakuachia uamuzi.

Njia ni tatu. Kuna wanaorudisha kila samaki. Kuna wanaobeba mpaka kiwango cha siku, yaani idadi inayoruhusiwa kubebwa kwa siku, kijae. Halafu kuna wanaochagua kwa urefu: wanabeba wa kati, wanarudisha wakubwa.

Kwa trauti wa vijito, kubeba wachache wadogo hakuumizi mto kama wengi wanavyodhani. Hukua haraka na hufa mapema. Wengi hawavuki miaka mitano au sita, na kila mwaka sehemu kubwa yao hufa hata pasipo mvuvi: mafuriko, ndege, uhaba wa chakula, majira ya baridi. Ukimtoa mmoja wa sentimita 22, huenda umemchukua ambaye mafuriko yangemchukua.

Besi mdomo mdogo ni habari nyingine. Kwenye mto wenye ubaridi huhitaji miaka mitatu hadi mitano kufika sentimita 30, na huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Ukimbeba wa sentimita 45, pengo lake linachukua karibu muongo mzima kuzibika.

Kwa hiyo naegemea njia ya tatu. Trauti waliopandikizwa kutoka kituo cha kuzalishia: beba, wamewekwa kwa kazi hiyo, na wengi hawauoni mwaka wa pili. Wanatambulika kwa mapezi yaliyolika ncha, na mahali pengine kwa pezi dogo la mafuta lililokatwa, lile la mgongoni karibu na mkia. Trauti waliozaliwa mtoni: wawili wa chini ya sentimita 25 kama mto umejaa samaki, vinginevyo rudisha. Besi: beba wa sentimita 25 hadi 32, kuanzia 35 rudisha. Karibuni mnikosoe.

Kipimajoto

Mkuu, umeruka kitu kikubwa kuliko urefu: joto la maji.

Lita moja ya maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Kwa nyuzi 20 ni kama 9, kwa nyuzi 25 ni 8 na kidogo, na ukipanda nyanda za juu hupungua zaidi. Wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni nyingi zaidi kadiri joto linavyopanda. Trauti aliyepigana dakika nne kwenye nyuzi 12 anajirudi. Aliyepigana dakika hizohizo kwenye nyuzi 21 anaogelea vizuri mbele ya macho yako, kisha anakufa saa kadhaa baadaye mahali usipomwona. Ndiyo maana kauli ya "niliona ameondoka na nguvu" haina uzito.

Kwa trauti, nyuzi 18 anza kujihadhari, nyuzi 20 acha kabisa. Besi bado yuko raha hapo, anavulika vizuri hadi 27. Kwa hiyo siku ya joto huna haja ya kurudi nyumbani, shuka chini kwa besi.

Pima kwenye maji yanayotembea, kivulini, kina cha nusu mita, dakika mbili kabla ya kusoma. Ukipima ukingoni kwenye maji yaliyosimama unapata namba ya uongo. Alfajiri maji huwa baridi kuliko saa nyingine zote na alasiri ndipo joto hufika kileleni, kwa hiyo kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi hakikuruhusu kuvua saa tisa mchana. Chini ya bwawa linalotoa maji kutoka vilindini, joto halibadiliki sana siku nzima.

NdoanaMoja

Mimi nasema uamuzi wa kubeba au kurudisha unafanyika kabla hujatupa mshipi, maana vifaa ni tofauti. Anayevua kwa mnyoo na ndoana ndogo ya kawaida huku ameegesha ufito kwenye kigingi, halafu anasema "leo narudisha wote", anajidanganya. Tafiti za trauti zimelingana vya kutosha hapa: kwa chambo hai, karibu watatu kati ya kumi wanaorudishwa hufa, kwa nzi bandia na chambo bandia ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kinachoua ni mahali ndoana iliponasa. Mdomoni, sawa. Kooni au kwenye matamvua, shida.

Ukitaka kurudisha:

Bana kijino cha ndoana, ule mwiba mdogo unaoizuia kutoka. Tumia koleo la mdomo bapa, lisimamishe sambamba na ncha. Ukilikingamisha na ncha unavunja ndoana. Jaribu kwenye kitambaa cha pamba. Ikikwama wakati wa kutoka, bana tena.

Toa ndoana za ncha tatu kwenye vijiko (chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko) na samaki bandia, weka za ncha moja, kubwa kwa saizi moja au mbili kuliko ile uliyotoa ili uzito usipungue sana. Usipofidia uzito, samaki bandia anaelea vibaya au analala ubavu, kisha watu wanasema ndoana moja haivui. Ya mbele ielekeze ncha mbele, ya nyuma ielekeze juu, zisishikane.

Mshipi usiwe mwembamba kwa sifa. Kwa trauti, kipande cha mwisho cha milimita 0.18 kinamleta mapema kuliko cha 0.12, na mara nyingi hatofautishi maji yakiwa na mwendo. Kwa besi, mshipi wa kubeba kilo 3 hadi 4 unatosha.

Ukilazimika kutumia chambo hai, chukua ndoana ya duara ambayo ncha yake iko mstari mmoja na shina, haikupindishwa pembeni. Hapa wengi wanakosea: wanavuta kwa nguvu wanapohisi mguso, ndoana inatoka mdomoni haijageuka. Usivute. Kaza mshipi polepole mpaka uzito uje, itajikita yenyewe kwenye pembe ya mdomo.

SufuriaNyeusi

Nawasoma kwa heshima, ila hesabu yenu ina tundu. Tuseme mtaalamu wa kurudisha anapoteza watano tu kwa mia. Siku nzuri anashika 40. Hao ni wawili waliokufa na hakuna aliyewala. Mwenzake anashika wawili, anawapiga rungu, anafunga mizigo saa mbili asubuhi. Wamekufa wawili kwa wawili, lakini wale 38 wengine hawakusumbuliwa. Ni nani aliyeuheshimu mto hapo?

Na si mimi tu. Ujerumani, sheria ya ulinzi wa wanyama inataka sababu ya msingi ya kumuumiza mnyama, na chakula ndiyo sababu inayoeleweka zaidi. Uswisi nao hawaruhusu mtu kwenda kuvua akiwa tayari na nia ya kurudisha kila samaki. Kwa hiyo dhana kwamba kurudisha ndiyo ustaarabu na kubeba ni uroho haikubaliki kila mahali.

Kipimajoto

Hesabu yako naikubali, tena ni hoja ya kuweka kikomo cha idadi hata kwa wanaorudisha. Lakini ina upande wa pili: wakija wavuvi 200 kwa wiki kwenye kijito kimoja na kila mmoja akabeba wawili, hao ni 400. Wakirudisha kwa kiwango hichohicho cha vifo, ukiwapa samaki watano kila mmoja, ni 50. Mto wenye watu wachache na mto wenye foleni havitawaliwi na kanuni moja.

MtoBaridi

Kuna namba huzungushwa sana kwenye mijadala hii, afadhali tuiweke sawa. Jaribio la Kanada lililochapishwa 1992 lilitumia trauti upinde-mvua waliokimbizwa hadi kuchoka kabisa. Walioachwa majini, 88 kwa mia walikuwa hai baada ya saa 12. Waliotolewa hewani sekunde 30, 62 kwa mia. Sekunde 60, 28 kwa mia. Watu huchukua hiyo 28 na kusema kila anayepiga picha anaua.

Samaki wale walikuwa wamekimbizwa kama dakika kumi na wamewekewa mirija ya kuchukulia damu. Trauti wa sentimita 25 aliyeletwa kwa sekunde 40 hayuko kwenye hali ile. Kinachobaki ni mwelekeo: kila sekunde hewani inaongeza gharama, na gharama hupanda kwa aliyechoka. Sheria ya vitendo: sekunde kumi, kisha maji.

Namna ya kumshika: lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na ukungu wa ngozi. Wavu wa mpira, ule wa nyuzi zenye mafundo unachana mapezi. Trauti usimminye kifuani, moyo wake uko karibu na koo, nyuma tu ya matamvua. Besi anashikika mdomo wa chini, ila akiwa mkubwa usimning'inize wala kumlaza kwa kupinda taya. Mkono wa pili uwe chini ya tumbo. Unapomwachia, mwelekeze kichwa kwenye mkondo wa wastani na utulie. Ile tabia ya kumsukuma mbele na nyuma inapitisha maji kinyumenyume kwenye matamvua, haisaidii kitu.

KiotaChaBesi

Mwanzisha mada, dirisha lako la urefu kwa besi ni zuri isipokuwa msimu wa kuzaa. Maji yakifika nyuzi 15 hadi 18, dume hufagia kiota kwenye changarawe na kulinda mayai, halafu vifaranga, kwa wiki kadhaa. Huyo dume hasukumwi na njaa. Anashambulia chochote kinachokaribia, ndiyo maana anavulika kirahisi kupita kiasi. Ukimtoa, samaki wadogo wanaingia kiotani ndani ya dakika chache. Hata ukimrudisha, akichelewa au akirudi amechoka anaweza kukiacha kiota. Kwa hiyo kipindi hicho swali la kubeba au kurudisha halipo: usimvue aliye juu ya kiota.

Trauti hawalindi mayai, wao tatizo ni miguu yetu. Kiraka cha kokoto safi chenye rangi nyepesi kuliko sehemu nyingine, kwenye maji ya kasi yasiyo na kina, kina mayai chini yake. Zunguka. Trauti kahawia huzaa majira ya kupukutika majani, upinde-mvua kwa kawaida majira ya kuchipua.

NdoanaMoja

Na tusisahau pale samaki mwenyewe ni mvamizi. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kila trauti wa ziwani (aina iitwayo lake trout) anayeshikwa ndani ya Ziwa Yellowstone lazima auawe, kwa sababu anawamaliza trauti wa asili wa pale. Mto Rondegat, Afrika Kusini, besi mdomo mdogo alifuta aina kadhaa za samaki wa asili kwenye kipande cha chini hadi ikabidi maji yatiwe sumu mwaka 2012 ili kumtoa. Kwenye mto wa namna hiyo kumrudisha besi "kwa huruma" ni kuwahukumu wengine wote.

SufuriaNyeusi

Hapo sasa tunaongea lugha moja. Basi kwa anayebeba, abebe vizuri, maana wengi wanaua samaki na bado wanatupa nyama.

Mpige rungu mara mbili juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Kata matamvua pande zote mbili, mshike kichwa chini majini dakika moja au mbili damu itoke. Kamba ya kumfunga majini akiwa hai mpaka jioni ni adha kwake na inaharibu nyama. Mpasue hapohapo: trauti aliyekuwa akila ana vimeng'enya vikali tumboni, ukichelewa kuta za tumbo zinalainika na mifupa ya mbavu inachomoza. Kwangua kwa kijiko figo, ule mstari mweusi kama damu chini ya uti wa mgongo, hapo ndipo uchungu unapotoka. Mfute, barafu kilo kwa kilo, na tundu la kutolea maji la sanduku liwe wazi. Samaki anayeogelea kwenye barafu iliyoyeyuka anapoteza ladha.

Trauti hahitaji kuparwa magamba. Besi mtoe ngozi pamoja na ule ukanda mwekundu wa ubavuni, harufu ya matope inapungua sana. Usimle mbichi samaki wa maji yasiyo na chumvi. Mpike hadi katikati afike nyuzi 63.

MtoBaridi

Nyongeza fupi: besi mkubwa ni mla nyama wa miaka mingi, kwa hiyo zebaki hujilimbikiza kwake kuliko kwa trauti mdogo anayekula wadudu. Zebaki iko kwenye nyama, kumchuna ngozi hakuiondoi. Hoja ya jikoni na hoja ya mto zinakutana hapo: kula wadogo.

Mgeni_wa_Mto

Samahani wakuu, swali moja. Samaki amemeza ndoana, anavuja damu kwenye matamvua, lakini urefu wake haumo kwenye ule unaoruhusiwa kubebwa. Nifanyeje?

NdoanaMoja

Usimchokoe koo. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo, ndoana ibaki. Wengi wa walioachiwa ndoana hupona kuliko wanaochomolewa kwa nguvu, na ndoana ya chuma cha kawaida huliwa na kutu. Epuka ya chuma kisichopata kutu kwa sababu hiyo. Kisha mrudishe, hata kama unaona atakufa, kwa sababu mkaguzi hana namna ya kutofautisha aliyekufa kwa bahati mbaya na aliyeuawa makusudi. Muhesabu kwenye kiwango chako cha siku. Akitokea wa pili wa namna hiyo, badilisha ndoana au chambo kabla ya kutupa tena.