Nataka kuingia mashindano ya winchi na Land Cruiser yangu ya kazi, nianzie wapi? (Mwanza)

Bintimvuvi

Wakuu habari za jioni, na wakubwa mliomo humu shikamooni.

Naombeni ushauri, jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni dereva, nina miaka 31, naishi Nyegezi. Gari langu ni Land Cruiser HZJ75 pikapu ya mwaka 1994, lile la injini ya 1HZ, nimeachiwa na marehemu baba. Nabeba mabomba na matanki ya wachimba visima kwenda Magu, Kwimba na vijiji vya kuelekea Maswa. Aliyepita huko anaijua mbuga, ile nyanda ya udongo mweusi. Kiangazi udongo unapasuka hadi unaweza kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mvua ikipiga nusu saa tu, udongo ule ule unakuwa ulimbo mweusi, tairi zinajaa mpaka meno yake hayaonekani, na gari linakaa juu ya tumbo lake. Kwa hiyo kujichomoa na kuchomoa wenzangu imekuwa nusu ya kazi.

Mbele nina winchi ya umeme yenye uwezo wa kuvuta uzito wa pauni 9,500, niliyonunua ikiwa imetumika, yenye waya wa chuma. (Nikisema winchi hapa Mwanza watu wanawaza ile ya kupakua mizigo bandarini. Nazungumzia hii ndogo ya kwenye bampa, ya kulichomoa gari kwa waya au kamba.)

Mwaka jana kuna mteja alinionyesha video ya mashindano ya huko Uingereza. Wako wawili, dereva na mwenzake. Gari limelala ubavu kwenye kingo ya korongo, na yule mwenzake anapanda mlima anakimbia, mkanda uko begani, kamba inamfuata nyuma. Anazungusha mkanda kwenye mti, anafunga pingu (chuma cha kuunganishia mkanda na kamba), anainua mkono, gari linapanda. Niliirudia ile video mara nyingi sana usiku ule. Hiyo kazi naifanya kila masika, ila sikujua kuna watu wanaishindania.

Sasa niwaambie na lililonitokea, ili mnishauri mkijua. Machi mwaka jana, karibu na mto Simiyu, nilikuwa nachomoa Fuso lililonasa na shehena ya mchanga. Waya ulikatika. Sikuuona ukienda, nilisikia tu mlio kama bati limechanwa. Ulirudi ukapiga boneti na kuacha mkwaruzo mrefu kama wa panga, ukaishia kwenye kioo. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo hapo dakika moja kabla, nikawa nimemtuma akalete kigogo cha mti. Nilikaa chini kwenye tope nikashindwa kunyanyuka.

Nimeweka akiba milioni mbili na laki nne. Mpango wangu ni kununua winchi kubwa ya pauni 12,000 na tairi ndefu zaidi, halafu nitafute mashindano ya kuingia. Niko sahihi? Na mtu anaanza vipi hasa?

---

Mzee wa Usagara

Marahaba binti yangu. Pole kwa yaliyokupata Simiyu, na mshukuru Mungu kwa hicho kigogo.

Fedha yako usiiguse kwanza. Winchi uliyonayo inatosha. Pauni 9,500 ni karibu kilo 4,300. Kipimo tunachotumia ni mara moja na nusu ya uzito wa gari pamoja na vilivyomo, na pikapu yako ikiwa tupu inazunguka tani mbili. Fuso lenye mchanga ni habari nyingine kabisa: lenyewe zito, limezama, na tope limelishika kwa chini. Waya wako ulibebeshwa kazi ambayo hata mpya ungeikataa.

Sasa mashindano yenyewe. Yale uliyoyaona, timu ni watu wawili. Kadi ya alama inafungwa kwenye gari kwa kamba fupi, na kwenye kila kituo kuna kitoboleo, kifaa cha kuitobolea kadi, kimening'inizwa mahali pabaya: juu ya gema, katikati ya mkondo, kati ya miti miwili iliyobanana. Kadi isipofika kwenye kitoboleo huna alama, na kwa kuwa kadi imefungwa kwenye gari, lazima gari lifike. Muda unahesabiwa. Kwa hiyo wanaoshinda si wenye winchi kubwa. Ni wale ambao yule wa nje anajua afunge wapi kabla gari halijasimama.

Jirani zetu Kenya wana Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini, ilianza 1989. Ile ni ya namna yake: vituo 13 kwa saa 10, na mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wote, si aliyewahi. Fedha zinakwenda Rhino Ark, shirika la uhifadhi, ndizo zilizosaidia kujenga ule uzio wa kuzunguka hifadhi ya milima ya Aberdare wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika 2009. Kuingiza gari pale ni gharama, timu lazima ichangishe kiasi kikubwa. Lakini timu inahitaji wakimbiaji, watu wa kutangulia kwa miguu kutafuta njia. Mimi niliingia hivyo, miaka kumi na minne iliyopita, kwenye timu ya watu niliokuwa nawafanyia kazi. Sikushika usukani hata mara moja. Nilirudi najua zaidi ya nilivyojua kwa miaka ishirini ya udereva.

Ushauri wangu ni huo. Anza kwa miguu. Tafuta timu yoyote inayohitaji mtu wa kamba, iwe Arusha, iwe Kenya, jitolee. Na wewe mikono unayo tayari.

---

Fundi Umeme Igoma

Dada, mzee amemaliza kwenye winchi, mimi naongeza kwenye umeme maana hapo ndipo magari mengi yanafia.

Winchi ya ukubwa huo ikivuta kwa nguvu zake zote inakula ampea zaidi ya 400. Alteneta yako haifiki hata robo ya hapo kwa uhakika. Maana yake kinachovuta ni betri, alteneta inafuata nyuma kujaza. Ukishikilia rimoti dakika mbili mfululizo betri imeanguka, mota imechemka, na winchi inavuta kizembe ukidhani imeharibika. Vuta kidogo, achia, gusa mota kwa kiganja. Ukishindwa kuacha kiganja pale, subiri. Injini iwake muda wote, na uipandishe mzunguko kidogo.

Kabla ya kununua chochote kagua nyaya za betri. Magari mengi yanayokuja hapa winchi imefungwa kwa waya mwembamba wa kuungaunga na waya wa hasi umeng'ang'anizwa kwenye bampa lenye rangi. Peleka hasi moja kwa moja kwenye betri, waya mnene, vichwa vilivyobanwa vizuri. Wateja wawili wamewahi kuniambia nimewafungia winchi mpya, na nilichobadilisha ni waya tu.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: zile pauni 9,500 unazipata kamba ikiwa safu ya kwanza kwenye ngoma, lile pipa la winchi linalozungushia kamba. Kamba ikijaa ngoma, safu ya juu kabisa, unapoteza theluthi na zaidi. Kwa hiyo nanga (mti au chochote unachofungia kamba) iliyo mbali inakupa nguvu kuliko iliyo karibu. Ila usiitoe kamba yote, acha mizunguko mitano ya waya ngomani, na kama ni kamba ya nyuzi acha nane au zaidi.

Kwenye waya dhidi ya kamba ya nyuzi, mimi nabaki na waya. Mawe yetu haya yanakata.

---

Kamba za Mwaloni

Mkuu wa Igoma, hapo nakupinga kwa heshima.

Dada, jina lako limenigusa. Mimi nimekulia mitumbwini, sasa nauza kamba na nyavu Kirumba, na kwenye kamba nitasema ninachokijua. Waya wa chuma unakaa na nguvu ndani yake unapovutwa. Ukikatika nguvu ile inatoka yote kwa mara moja, umeiona kwenye boneti yako. Kamba ya nyuzi ya kisasa ni nyepesi sana, kwa hiyo ikikatika inarudi kwa nguvu ndogo sana kuliko chuma. Haiachi vile vimwiba vinavyotoboa glovu. Na fikiria huyo mtu wa kamba anayepanda gema anakimbia: waya wa mita thelathini ni mzigo, ya nyuzi anaibeba kwa mkono mmoja.

Adui zake ni jua, mchanga na ukingo mkali. Mchanga ndio mbaya kwetu. Ukifanya mazoezi ufukweni Igombe, chembe zinaingia katikati ya nyuzi na kusaga kutoka ndani, nje unaona kamba nzima. Ukirudi nyumbani ifumue yote, iloweke kwenye beseni la maji safi, isugue kwa mikono, ianike kivulini. Pale inapopita kwenye jiwe ivishe soksi ya turubai au bomba la zamani la zimamoto. Na mdomo wa winchi wenye roli ambazo waya umezichimba utaikata siku ya kwanza, badilisha huo mdomo kabla ya yote.

Kinga haibadiliki, iwe chuma iwe nyuzi: blanketi zito au gunia lenye udongo katikati ya kamba, na hakuna kiumbe anayevuka kamba iliyokaza. Hata kuku.

Sasa nanga. Mbugani miti ni michache, na mgunga mmoja uliosimama peke yake usiuamini kwa sababu ni mnene. Funga mkanda mpana, chini kabisa kwenye shina, usikate ganda. Pasipo na mti fukia tairi la spea: shimo la kina cha mita moja, tairi limesimama likiangalia gari, na uchimbe mfereji wa mteremko ili mkanda utoke chini usilinyanyue. Ni kazi ya jasho, dakika arobaini kama udongo ni mgumu.

Kwa mawe ya Mwanza, nisikilize sana. Tunaishi katikati ya mawe makubwa, mtu anaona jiwe kama nyumba anasema hili haliondoki. Mengi yamekaa juu ya mengine kwa sehemu ndogo tu. Zunguka jiwe lote kwanza. Tazama limekalia nini.

Na kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Baba zetu walinyanyua matanga kwa kapi, nawe lako unalibeba begani tu. Kamba ikitoka kwenye winchi, ikazunguka kapi kwenye nanga na kurudi kwenye gari, winchi inabeba nusu ya mzigo, kwa mwendo wa nusu. Lakini ile nanga inabeba pande zote mbili za kamba, mara mbili ya kinachovutwa na winchi. Watu wanasahau hilo, wanafurahi winchi imepumua, kumbe mkanda na pingu ndivyo vinakaribia kufika mwisho.

---

Bintimvuvi

Asanteni sana, nimesoma yote mara tatu. Mzee wa Usagara, shikamoo tena. Maneno ya kuanza kwa miguu nimeyakubali, ingawa nilikuwa nimeshaiona winchi mpya kwenye bampa.

Leo Jumamosi nimefanya mazoezi na mdogo wangu upande wa Usagara, bila kuwasha winchi kabisa. Gari limezimwa, klachi ya ngoma imeachiwa. Yeye anahesabu kwa simu, mimi natoka kwenye kiti, nachukua mkanda, pingu na kapi, nakimbia mpaka kwenye mwembe umbali wa hatua ishirini na tano, nafunga, narudisha ndoano kwenye gari, nanyoosha mkono. Mara ya kwanza dakika sita na sekunde arobaini. Pini ya pingu ilinidondoka kwenye majani nikaitafuta kwa magoti. Nimeifunga kwa uzi mwekundu. Mara ya tisa ilikuwa dakika tatu na sekunde kumi, na mdogo wangu akasema sasa zamu yake.

Kisha tukaenda kwenye jiwe ambalo kila siku nalipita nikijiambia siku moja nitalitumia. Kubwa kuliko pikapu. Nikafanya kama alivyosema Kamba za Mwaloni, nikalizunguka lote. Upande wa nyuma mvua imekula udongo, mkono wangu ulipita chini mpaka begani. Nikaegemea jiwe kwa mgongo, nikasukuma kwa miguu. Halikusogea, lakini mdogo wangu aliyeinama upande wa pili alisikia changarawe zikimwagika chini yake.

Tumelipiga picha tukaondoka. Jumatatu napita Kirumba kuangalia kamba, na ile hasi ya bampa naileta Igoma wiki hii, fundi nielekeze gereji iko upande gani. Kama kuna timu inayohitaji mtu wa kamba, nipo, nauli nitajilipia.