Wenye tovuti Mtwara na Lindi: linki za kutoka tovuti za wengine mlizipataje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Nina nyumba ya wageni Mikindani. Mtu akitafuta malazi Mtwara, Google inatanguliza tovuti kubwa za kukata vyumba, yangu iko ukurasa wa tatu. Kila fundi ananiambia sina baklinki, yaani hakuna tovuti zinazowaelekeza watu kwangu. Nadharia ninazo za kutosha. Aliye huku kusini aseme ya kwake: linki ya maana ilitoka wapi?

Fundi wa Lindi Mjini
Mkuu, nisimulie ya mteja wangu, anakodisha magari. Alikuja analia tovuti imepotea. Nikafungua Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, upande wa linki: tovuti za kamari na dawa za kupunguza unene tupu, na maneno ya kubonyeza ni yaleyale kila mahali, "kukodi gari Lindi". Aliuziwa "kifurushi" na jamaa wa WhatsApp. Google ilianza kuzibana linki za hivi Aprili 2012, kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin. Siku hizi nyingi inazipuuza tu, hela yako imekwenda. Huyu alikuwa na adhabu kabisa, imeandikwa humo humo. Tulihangaika kuziondoa, zilizogoma tukazikana kwa zana ya Google yenyewe, tukaomba ukaguzi upya. Adhabu ikaondoka. Nafasi ya zamani haikurudi, maana zilizoibeba ni linki zilezile. Wateja hawapendi kusikia hilo.

Mama Korosho, Masasi
Mie naandika habari za korosho. Msimu wa minada kila mtu anauliza bei, na bei zinazunguka kwenye picha za simu zisizosomeka. Basi naziweka zote ukurasa mmoja: chama kikuu, ghala, bei ya juu, bei ya chini. Anwani ya ukurasa haibadiliki mwaka hadi mwaka. Sijamwomba mtu linki. Waandishi wa habari na wanafunzi wenye tasnifu wanauelekeza wenyewe, kwa vile wanauhitaji.
Sasa wewe kaka, ukurasa wa "karibuni wageni wetu" nani auelekeze? Andika namna ya kufika Msimbati bila gari binafsi. Andika Tendaguru: mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kule kuanzia 1909 hadi 1913 iko Berlin, na wapo wanaotaka kupaona ilikotoka.

Kijana wa Nachingwea
Mimi nilijiwekea Wikipedia. Ikafutwa.

Fundi wa Lindi Mjini
Hata ingebaki, dogo. Linki za nje za Wikipedia zina alama ya nofollow tangu 2007, yaani Google inadokezwa isizihesabu.

Mtembeza Wageni, Kilwa Masoko
Zangu zimetokana na picha. Napiga magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Mtafiti au mwandishi akiomba, nampa bure kwa sharti moja: jina langu na linki chini ya picha. Wengine husahau, nawakumbusha kwa upole. Na kuna wageni wanaofika kwa kubonyeza pale pale, Google haihusiki.

Mwenye mada
Asanteni. Je, sisi wa nyumba za wageni tukiwekeana, nikuwekee uniwekee?

Fundi wa Lindi Mjini
Mwenye boti unayempelekea wageni kweli, muwekeane, hakuna neno. Lakini nyumba ishirini kupeana linki chini ya kila ukurasa, hiyo Google imeikataza kwa maandishi.